Nyuki Wanaohama Hawaumi

Mwezi uliopita wanafunzi wangu wa kwanza kabisa walinialika Same mjini, kwenye harusi ya mjukuu wa mmoja wao. Nasema wanafunzi, lakini wote sasa ni mabibi na mababu, na wawili kati yao wanatembelea fimbo wakati mimi niliyewafundisha kusoma bado natembea bila fimbo. Tulitengewa meza yetu pembeni, mbali na spika za muziki, tukaletewa pilau na soda, tukazungumza habari za presha na magoti kama wazee wote. Kisha mmoja wao, ambaye darasani hakuweza kukaa kimya na mpaka sasa hawezi, akaanza kuwasimulia vijana waliotuhudumia hadithi ya mchawi wa nyuki aliyefukuzwa kijijini kwetu enzi za ujamaa. Alisimulia vizuri. Kwenye hadithi yake mzee alipuliza filimbi, nyuki wakaja kama wanajeshi. Filimbi hiyo nilikuwa siijui, nadhani imeongezwa miaka ya karibuni. Vijana walicheka. Nakundwa, bibi yake bwana harusi, alikuwa ameketi mbele yangu. Jicho lake la kushoto lina ukungu mweupe tangu alipokuwa na miaka kumi na mmoja. Akasema taratibu, "Mwacheni Mwalimu asimulie. Yeye ndiye anajua ilivyokuwa." Meza nzima ikanigeukia. Nikasema chakula kinapoa. Nina miaka sabini na kitu, nimezika mume, nimestaafu kwa heshima, na bado nilijificha nyuma ya sahani ya pilau. Ndiyo maana naandika sura hii.

Wazazi wangu na ukoo wangu sitawaleta hapa, hawahusiki. Nataka mwaka mmoja tu, ule niliopangiwa kufundisha katika kijiji kipya cha ujamaa huko tambarare, juu kidogo ya mashamba ya mkonge ya Bendera. Nilikuwa na miaka ishirini. Nilishuka kutoka kwetu Chome, milimani, na sanduku la bati, sweta mbili zisizo na kazi kwenye joto lile, na imani kubwa kwamba nimekwenda kufuta ujinga. Kijiji kilikuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu. Nusu ya watu walikuwa Wapare wenzangu walioteremshwa kutoka milimani, wengi wao upande wa Myamba, watu wa migomba na kanisa, ambao kila asubuhi walisimama mlangoni wakatazama juu kule walikokuwa wakilala kwa blanketi mbili. Nusu nyingine walikuwa watu wa mkonge, Wanyamwezi, Waha, Wamakonde, waliokuja zamani kama manamba, vibarua wa mkataba, na kuzeekea hukohuko. Serikali iliwapanga wote kwenye nyumba zilizonyooka mistari, ikawaambia ninyi sasa ni ndugu. Mwaka ule undugu wenyewe uliishia kwenye shamba la kijiji. Jioni kila mtu alirudi kula chakula cha kwao na kusengenya kwa lugha ya kwao.

Nilipewa chumba kwa Mama Nakundwa, mjane wa milimani aliyeteremshwa na binti yake mmoja, kuku sita na kabati la vyombo ambalo lilikuwa fahari ya mtaa mzima. Nyumba ilikuwa ya fito na udongo, vyumba viwili na sebule ndogo. Kitanda changu kilikuwa cha kamba, na mezani palikuwa na kibatari na kikombe cha bati nilichowekea chaki zisipate unyevu. Kuta hazikufika juu kwenye paa, kwa hiyo nililisikia kila neno la nyumba ile, nao nadhani walinisikia nikigeuka kitandani. Chakula kilikuwa makande siku tano za wiki, na siku mbili ugali kwa mlenda. Mama Nakundwa alinipakulia mimi kwanza, kabla ya mtoto wake. Wiki ya kwanza niliona haya. Wiki ya pili nilikuwa nimezoea, maana heshima huzoeleka upesi kuliko joto.

Huyo Nakundwa alikuwa mwanafunzi wangu bora. Alijua kusoma kabla wenzake hawajamaliza silabi. Jioni, baada ya kuchota maji, alikusanya watoto wadogo wa jirani nyuma ya nyumba akawafundisha, kwa kipande cha mkaa na mlango wa banda la kuku. Aliiga sauti yangu, aliiga jinsi ninavyokohoa kabla ya kusema jambo zito. Nilikuwa nalala kitandani nasikia somo langu la asubuhi likirudi kupitia ukutani, neno kwa neno, na nilifurahi sana. Hakuna sifa inayomlevya mwalimu kama hiyo.

Kupitia ukuta huohuo ndipo nilipomsikia kwanza Mzee Shija. Jirani alikuja kuomba chumvi, akakaa kama kawaida ya waombaji chumvi, akaanza kumsema mzee mmoja wa mkonge aliyejenga mwisho wa mstari wa nyumba. "Haendi kanisani, haendi msikitini, na anaongea na nyuki. Nimemsikia kwa masikio yangu." Mama Nakundwa akamwambia, "Asali yake lakini unaila." Jirani akajibu bila kusita, "Asali haina dini." Mzee Shija alikuwa Mnyamwezi, aliyekuja kukata mkonge akiwa kijana na mkataba ulipokwisha hakurudi kwao. Alikuwa na mizinga minne ya magogo kwenye miti ya mpakani, na shamba la mihogo. Hakuwa na mke wala mtoto pale kijijini. Kila nilipopita nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuacha kazi aliyokuwa akifanya.

Nyuki walikuja mwishoni mwa masika, migunga ikiwa imechanua. Kengele ya shule ilikuwa rimu ya gurudumu la trekta iliyoning'inizwa kwenye tawi nje ya darasa letu moja. Tulikuwa katikati ya kusoma kwa sauti niliposikia mngurumo nikadhani ni lori linapanda. Kisha mwanga dirishani ukawa wa kahawia. Watoto wakaingia chini ya madawati kabla sijasema lolote, na mimi, niseme ukweli, niliingia chini ya meza. Nyuki walizunguka juu ya uwanja kwa muda, maelfu kwa maelfu, kisha wakaanza kutua kwenye kengele. Baada ya robo saa rimu ilikuwa haionekani tena. Palikuwa na donge moja jeusi linalotikisika, refu kama gunia lililojaa nusu.

Kijiji kizima kilikuja, na kila mtu alikuja na dawa ya kwao. Watu wa milimani walipiga madebe, kwa sababu inasemekana kelele huwafanya nyuki watue. Nyuki walikuwa wameshatua, lakini madebe yaliendelea kupigwa, sijui ili watue mara ya pili. Wanawake wawili walirusha majivu ambayo upepo uliyarudisha machoni mwao wenyewe. Watu wa mkonge wengi walifunga milango. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mwenye sauti kubwa na miguu mifupi, alitokea na chupa ya mafuta ya taa na tambara lililofungwa kwenye ufito mrefu, mafuta ambayo wiki iliyotangulia alitutangazia kuwa yamekwisha dukani. Alikuwa anatafuta kiberiti ndipo Mzee Shija alipofika akiwa na kapu na blanketi kuukuu begani.

"Ndugu Mwenyekiti," akasema, "hayo mafuta weka uwashie taa."

"Mzee, hawa watatuulia watoto!"

"Hawa? Hawa wamebeba chakula cha safari. Tumbo limejaa na nyumba hawana. Watamuuma mtu wakilinda nini?"

Akakunja mkono wa shati, akaingiza mkono mtupu ndani ya lile donge mpaka juu ya kifundo, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu kwenye gunia la maharage. Madebe yalinyamaza. Aliutoa mkono ukiwa umevaa nyuki kama glavu, akautikisa juu ya kapu. Alifanya hivyo mara nyingi, hana haraka, mpaka akampata malkia, na malkia alipoingia kapuni wengine wakaanza kumfuata wenyewe. Akafunika kwa blanketi. Aliumwa mara moja tu, shingoni, akasema huyo nyuki alibanwa na kola.

Nilimfuata mpaka shambani kwake nikiwa na daftari, maana chuoni tulifundishwa kwamba mwalimu wa ujamaa hufundisha kutokana na mazingira. Aliwamimina nyuki kwenye mzinga mtupu, akaketi, akanieleza huku akichonga kijiti. Kundi likistawi, nyumba hujaa. Malkia mzee huondoka na nusu ya watu, akamwachia binti nyumba yenye chakula. "Kwetu binadamu," akasema, "mzee angemfukuza binti." Wakitoka hutua mahali popote, wakatuma wapelelezi kutafuta nyumba mpya. Wapelelezi hurudi, kila mmoja anasifia shimo lake kwa kucheza, wanabishana hata siku mbili mpaka wakubaliane, kisha wote wanaruka pamoja. "Na kikao chao hakina mwenyekiti," akaongeza, akacheka peke yake. Niliandika yote hayo kwa mwandiko mzuri. Kisha akaacha kuchonga akaniambia, "Lakini Mwalimu, wako wengine. Wale wa kiangazi. Hao hawakugawana nyumba, wamekimbia. Njaa, moto, siafu. Utawaona kundi dogo, kavu, wanatafuta maji. Wana tumbo tupu na roho mbaya. Ukiwaona hao, pita mbali."

Nilisikia. Ninaliandika neno hili peke yake ili nisije nikalikwepa tena: nilisikia. Kalamu ilikuwa mkononi, daftari lilikuwa limefunguliwa, na sikuandika, kwa sababu nilikuwa nimeshapata somo langu na lilikuwa tamu jinsi lilivyo.

Kesho yake nilisimulia darasani, kisha nikahitaji sentensi ya mwandiko. Sentensi ya mwandiko ya darasa lile ilipaswa kutosha mstari mmoja wa ubao, maneno mepesi, isiyo na mkato. Nikaandika: Nyuki wanaohama hawaumi. Ilikaa mstarini vizuri mno. Kama ningeongeza "lakini," ingeshuka mstari wa pili na watoto wa nyuma wasingeiona. Walinakili mara kumi kila mmoja. Jioni nililala nikaisikia ikitoka kwenye mlango wa banda la kuku, Nakundwa akikohoa kwanza, kisha watoto wadogo wakiitikia kwa pamoja. Wiki chache baadaye alikuja mkaguzi kutoka wilayani, mtu aliyevaa suti ya mikono mifupi, akawataka watoto waseme jambo walilojifunza kutokana na mazingira yao. Waliimba sentensi ile. Aliandika kitu kwenye karatasi zake, akaniambia mbele ya mwenyekiti kwamba walimu wa aina yangu ndio taifa linaowahitaji. Usiku huo Mama Nakundwa alichinja kuku mmoja kati ya sita.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kikali. Mihogo ilisimama, majani ya migunga yakaanguka, na upande wa mkonge watu walichoma nyasi kusafisha mipaka, moto ukawatoroka na kuingia porini kwa siku mbili. Siku ya tatu, saa ya kuchota maji, kundi la nyuki lilikuja likatua kwenye ua wa minyaa karibu na kisima. Lilikuwa dogo kama mtungi. Mimi sikuwapo. Nilikuwa sebuleni nasahihisha hesabu, nikasikia mayowe nikafikiri ni fisi. Niliyoyajua niliambiwa na watoto waliokuwapo, na wote walisimulia sawa. Wasichana waliogopa wakataka kukimbia. Nakundwa akawaambia wasimame. Akaweka ndoo chini, akakohoa, akasema, "Nyuki wanaohama hawaumi." Kisha akakunja mkono wa gauni, akauingiza.

Mzee Shija alikuwa shambani kwake, si mbali. Alikimbia na lile blanketi, akamfunika, akambeba mpaka kwenye moshi wa majani mabichi aliouwasha mwenyewe, akamkwangua miiba kwa mgongo wa kisu, mmoja mmoja, na yeye mwenyewe mikono yake ilikuwa imevimba kama mikate. Nilipofika uso wa Nakundwa haukuwa uso. Macho yalikuwa yamefumba, midomo imegeuka nje, alikuwa anapumua kwa sauti ya mluzi. Trekta la shamba la mkonge lilimpeleka mpaka barabarani, na kutoka hapo lori likawachukua yeye na mama yake hadi hospitali Same. Mama Nakundwa alipanda akiwa na kanga moja na bila viatu. Aliniachia ufunguo wa kabati la vyombo, akaniambia, "Mwalimu, kuku wape maji."

Nilibaki peke yangu kwenye nyumba ile siku kumi na sita. Nilipika makande nikashindwa kuyala. Jioni hapakuwa na sauti nyuma ya nyumba, ila majirani walikuja kukaa barazani kama wafanyavyo watu palipo na msiba, na mazungumzo yao niliyasikia yote. Siku ya kwanza walisema ni bahati mbaya. Siku ya pili mmoja akauliza mbona nyuki hawakuwahi kuja kijijini kabla mzee hajaweka mizinga yake. Siku ya tatu wakakumbuka kwamba aliingiza mkono nyuki wasimuume, na mtu wa kawaida hawezi. Ya nne walikuwa wameshajua kwamba aliwaita, na kwamba alimwokoa mtoto haraka vile kwa sababu alijua nyuki watakuja. Hakuna aliyemtaja mwalimu. Nilikaa ndani nimeshika kalamu nyekundu, kila siku nikisubiri mtu anitaje, na kila siku ilipopita bila kutajwa nilishukuru. Ndivyo nilivyokuwa.

Kikao kiliitwa darasani kwangu. Mwenyekiti alikaa kwenye meza yangu, nami nilikaa pembeni na daftari la mihutasari, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na mwandiko unaosomeka wilayani. Watu walizungumza kwa zamu. Mzee wa kanisa alisema hana chuki na mtu ila amani ya kijiji ni muhimu. Mama mmoja aliuliza kama tunangoja mpaka afe mtoto. Mtu mmoja tu wa mkonge, Mha mzee, alisimama akasema Shija ndiye aliyembeba mtoto, akazomewa akakaa. Hoja ilikuwa moja: Mzee Shija aondoe mizinga yake na aondoke mwenyewe, kabla ya mwisho wa wiki. Nyumba yake na mihogo yake vingebaki mali ya kijiji.

Mwenyekiti akamgeukia. "Ndugu Shija, una la kusema?"

Mzee alisimama. Mikono yake ilikuwa bado haijapungua uvimbe. Hakumtazama mwenyekiti. Alitazama upande wangu, kwa muda mrefu kidogo, nikadhani anaangalia kama naandika. Nikainama. Ubao ulikuwa nyuma yangu, na ingawa nilikuwa nimeshaifuta ile sentensi miezi mingi iliyopita, nilihisi ipo pale mgongoni. Nilikuwa na maneno tayari. Ni mimi niliyewafundisha. Yeye aliniambia nikaacha nusu. Maneno machache kuliko haya. Lakini nilifikiria suti ya mkaguzi, nilifikiria kurudi Chome na sanduku langu la bati watu wakiniuliza kulikoni, nilifikiria Mama Nakundwa akirudi na kunikuta nimetajwa mbele ya kijiji kwamba mimi ndiye niliyemharibu mwanawe.

"Sina," akasema Mzee Shija, akakaa.

Niliandika: Mtuhumiwa hana la kusema. Kikao kimekubaliana kwa kauli moja. Nikapiga mstari chini kwa rula.

Aliondoka Ijumaa asubuhi na mkokoteni wa kuazima. Mizinga mitatu alifunga midomo kwa nyasi akaipakia. Wa nne, ule wa nyuki wa kengele, hakuuchukua, nadhani ulikuwa mzito. Vijana waliuchoma jioni hiyohiyo kwa yale mafuta ya taa ambayo dukani hayakuwapo. Niliusikia ukiungua nikiwa kitandani, na harufu ya asali iliyoungua ilikaa kwenye chandarua changu siku nyingi.

Nakundwa na mama yake walirudi wiki iliyofuata. Mtoto alikuwa mwembamba, uso umerudi, ila jicho la kushoto halikurudi. Mwiba uliingia kwenye mboni, daktari alisema hakuna la kufanya. Jioni Mama Nakundwa alipakua makande, akanipakulia mimi kwanza, kama siku zote. Nilitazama sahani ile nikashindwa kabisa. Nikamwambia yote, kuanzia shambani kwa Mzee Shija mpaka mstari wa rula. Nililia, na sikulia kwa adabu. Yeye hakulia. Alisikiliza akiwa ameshika upawa. Nilipomaliza kuku walikuwa wanapanda bandani.

"Umeniambia mimi," akasema mwishowe. "Mimi peke yangu, ndani ya nyumba, mlango umefungwa."

"Ndiyo, Mama."

"Kesho waambie waliosikia ile sentensi. Halafu mwambie mwenyekiti. Halafu utafute pa kulala, Mwalimu, maana sasa hivi siwezi kukusikia ukigeuka kitandani." Akaisogeza sahani karibu yangu. "Leo kula."

Niliwaambia watoto kesho yake. Niliandika ubaoni sentensi ndefu iliyoshuka mistari mitatu, nikawaeleza kundi lililoshiba na kundi lililokimbia njaa, na nikawaambia kwamba Mzee Shija alinieleza hayo tangu mwanzo, mimi nikayaacha. Mmoja aliuliza kama wanakili mara kumi. Mchana nilikwenda kwa mwenyekiti. Alikuwa anakula, akanikaribisha, akanisikiliza huku akitafuna. Nilimwomba aitishe kikao kingine. Akanawa mikono, akaingia ndani, akatoka na daftari la mihutasari, akalifungua mbele yangu kwenye ukurasa ule.

"Kauli moja," akasoma. "Huu ni mwandiko wa nani, ndugu Mwalimu?"

"Wangu."

"Nakala imeshakwenda wilayani. Niwaandikie nini sasa? Kwamba kijiji kizima kilikosea na mwalimu waliyemsifu ni mwongo? Nenda kafundishe." Aliniambia kwa upole kabisa, kama mtu anayemtoa mwenzake kwenye matope. Hakuna aliyenifukuza kazi. Hakuna hata aliyenikaripia. Kwa wiki mbili watu walinitazama kisimani, kisha wakaacha, na wakaendelea kusema kwamba Shija aliwaita nyuki, kwa sababu hadithi hiyo ilikuwa imeshakaa na ilikuwa haimdai mtu kitu. Nilihamia stoo ya shule. Niliishi humo, kati ya majembe na magunia matupu, mpaka mwisho wa mwaka.

Wiki mbili baada ya kuhamia stoo, siku ya Jumamosi, nilitembea mpaka Bendera kumtafuta. Nilimkuta kwenye kambi ya zamani ya manamba, amepewa chumba kimoja cha mwisho na kazi ya kulinda mkonge uliotandazwa kukauka. Alikuwa amekaa kwenye kivuli cha ukuta anamenya mihogo. Nikamwamkia, akaitikia. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, nikayasema kwa mpangilio uleule, kama ninayesoma taarifa: nilichosikia, nilichoacha, nilichoandika ubaoni, nilichoandika kikaoni, nilichowaambia watoto, alichosema mwenyekiti. Aliendelea kumenya. Nilipofika mwisho aliniuliza mtoto anaendeleaje. Nikamwambia jicho moja limekwenda, lingine ni zima, na amerudi shuleni. Aliweka kisu chini kwa hilo, akakaa kidogo bila kushika kitu.

"Mimi nilijua, Mwalimu," akasema.

"Ulijua nini, mzee?"

"Nilipombeba alikuwa analia neno moja njia nzima. Mwalimu alisema hawaumi. Mwalimu alisema hawaumi."

Nilimuuliza kwa nini basi hakusema, watu wote wale wakiwa wamekaa pale, na mwenyekiti akamuuliza kwa mdomo wake. Hakukasirika. Alinijibu kama alivyonijibu mambo ya malkia na binti yake, mtu anayemweleza mwingine jinsi kitu kilivyo.

"Ningesema mimi wangesema namsingizia mwalimu wa watu. Lilikuwa neno lako, si langu. Aliponiuliza nikakutazama. Nikasema sina, ili nafasi iwe yako." Akaokota kisu na muhogo mwingine. "Nilikusubiri mpaka ukafunga daftari."